Kumlea kobe wa maji, kwa anayeanza

Anayetaka kufuga kobe wa maji aanzie kwa ofisa wanyamapori wa wilaya yake, asianzie mtoni. Kobe hawa ni wanyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumkamata wala kukaa naye nyumbani bila kibali. Wa kwangu, Kigae, nilimpokea kwa mjomba, aliyemlea miaka mingi kwenye kambi ya mkonge. Mjomba alipochoka kubeba ndoo za maji tulikwenda pamoja kuulizia utaratibu wa kunikabidhi, na kibali kikaandikwa jina langu kabla kobe hajahama. Nawe fanya hivyo hivyo. Mtu akikupa kobe bila karatasi, amekupa na kesi.

Masika yakishika hapa Tanga kobe hutoka madimbwini na kutembea, na watoto wa Makorora nyumba yangu wanaijua. Huja na ndoo. "Shikamoo bibi, tumemwokota njia ya Amboni. Anakula nini?" Marahaba, wajukuu zangu, mrudisheni. Kobe aliye barabarani hajapotea, ana safari yake. Mvusheni upande aliokuwa anauelekea, mkamweke majanini mbali na magurudumu. Mkimpeleka alikotoka ataianza safari upya, na barabara ile ile ataivuka mara ya pili.

Ukishapata kibali, fikiria umri. Kobe hawa wanaweza kuishi miaka 30 na zaidi. Mtoto wa darasa la tatu anayemlilia leo atakuja kuoa au kuolewa, ahame, na kobe bado yupo uani anasubiri maji yake. Kwa hiyo anayeamua awe mtu mzima, na awe tayari kumbadilishia maji mwenyewe, kwa mikono yake, wiki baada ya wiki. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Chakula ni rahisi, jua tunalo. Wengi wanaoshindwa wanashindwa kwenye maji.

Umjue kwanza

Kobe wa nchi kavu huivuta shingo moja kwa moja ndani ya gamba. Wa kwetu wa majini huikunja pembeni, kichwa kikalala chini ya ukingo wa gamba, na jicho moja likabaki linakutazama. Mnyanyue kwa mikono miwili, mshike ubavuni nyuma ya miguu ya mbele, umwinamishe kidogo utazame gamba la tumboni. Ukiona mstari unaokata kifua kwa upana, na kipande cha mbele kinajongea juu kufunga nafasi ya kichwa, hiyo ni bawaba, na kobe huyo ni wa jamii ya Pelusios. Kidole usikiweke hapo. Akifunga, anafunga kwelikweli. Asipokuwa na bawaba, na gamba lake ni bapa, huyo ni Pelomedusa. Huyo hutoa harufu kali akishtuka, na harufu hiyo si ugonjwa.

Kigae ni Pelusios subniger, mweusi, gamba lake halifiki shibiri. Aina hii haipiti sana sentimita 20, ndiyo maana namshauri anayeanza abaki kwa hawa au kwa Pelusios castanoides, mwenye tumbo la njano, ambaye hamzidi kwa mengi. Mwogope Pelusios sinuatus. Akiwa mdogo anapendeza, ukingo wa nyuma wa gamba lake una meno meno, lakini huyo hukua kupita sentimita 40, na hapo hutakuwa na chombo cha kumweka wala nguvu za kumbeba.

Dume na jike utawatambua kwa mkia: wa dume ni mrefu na mnene, wa jike ni mfupi. Ni vizuri kujua mapema, kwa sababu ya mayai nitakayoyataja mbele.

Makazi

Kipimo ninachokifuata ni lita 15 za maji kwa kila sentimita ya gamba. Kobe wa sentimita 18 anataka kama lita 270. Ndiyo maana beseni la kufulia halitoshi, hata liwe kubwa namna gani. Kobe mchanga wa sentimita 5 au 6 anaweza kuanza kwenye pipa la plastiki la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu na kulazwa. Mtu mzima mjengee karo la saruji. La kwangu liko uani, nyuma ya jiko, urefu mita moja na nusu, upana sentimita 80. Nikilijaza hadi sentimita 25 napata lita 300. Kuta nimezipandisha juu ya maji kwa zaidi ya urefu wa kobe mwenyewe akijinyoosha, kwa sababu hawa hupanda, tena hupanda pembeni kuta zinapokutana.

Karo jipya halifai kutiwa kobe siku fundi anapomaliza. Saruji mbichi hutoa chokaa, maji yanakuwa makali, na ngozi na macho ya kobe huungua. Lijaze, liache siku tatu au nne, limwage, ulisugue, ulijaze tena. Endelea hivyo kwa muda wa wiki tatu hivi. Ni kazi ya kuchosha na fundi atakwambia haina haja, usimsikilize.

Kina kizidi upana wa gamba, ili akipinduka apate nafasi ya kujigeuza. Lakini hawa si waogeleaji hodari, wanatembea chini kwenye sakafu ya maji na kupanda kuvuta pumzi, kwa hiyo weka mteremko wa kumfikisha juu bila taabu, uishie kwenye mahali pakavu pa kuota jua. Mawe yawe ya mtoni, yaliyolainika. Mawe ya matumbawe tunayojengea huku pwani yanakwaruza tumbo, na kila mkwaruzo ni mlango wa ugonjwa.

Mpe pia mahali pa kujificha. Wangu nilimwekea kigae cha paa kilichopinda, nikakiegemeza kwenye mawe mawili, na tangu hapo mchana wake mwingi yuko chini yake. Jina amelipata hapo. Kobe asiye na maficho hukaa na wasiwasi, na kobe mwenye wasiwasi hali.

Juu weka wavu. Kunguru wa mji huu wanajua kusubiri, na kobe mchanga mwenye gamba laini ni tonge moja kwao. Kenge, paka na panya wa usiku nao wapo. Karo langu lina tundu la kutolea maji karibu na ukingo, nalo lina kichujio cha wavu mgumu, maana mvua ya masika ikinyesha usiku kucha maji hupanda, na kobe anaogelea hadi juu ya ukuta na kuondoka zake.

Maji

Maji ya bomba ya Tanga yanatoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi, na hutiwa dawa kabla ya kutufikia. Ile klorini inamwasha kobe macho. Yakinge kwenye pipa la wazi, yakae uani siku nzima na usiku wake, ndipo uyatumie. Mimi pipa langu halikauki. Nikichota leo najaza leo, ili siku ya kubadilisha isinikute na maji mabichi. Maji ya kisima yaonje kwanza. Visima vya karibu na bahari vina chumvi, na kobe huyu ni wa maji baridi. Ya mvua ni mazuri sana, ila acha mvua ya kwanza ioshe bati.

Kinachoyaharibu maji ni mkojo na kinyesi cha kobe, pamoja na mabaki ya chakula. Mkojo hugeuka amonia, na amonia huchoma macho na ngozi muda mrefu kabla wewe hujaona rangi kubadilika. Kwa hiyo usiongozwe na macho. Inama, unuse. Maji mazuri yananuka tope kidogo, harufu ya mtaro baada ya mvua; yakianza kunuka samaki au mkojo, umeshachelewa. Bila pampu ya kuchuja, toa theluthi moja kila baada ya siku mbili au tatu, na kila wiki mwaga yote na kusugua kuta kwa brashi, bila sabuni. Pampu inapunguza kazi lakini haiiondoi, na umeme ukikatika muda mrefu, maji yaliyolala ndani ya kichujio huoza. Yamwage kabla hujaiwasha tena.

Njia iliyonipunguzia kazi kuliko zote ni kumlisha kwenye beseni la pembeni. Namtoa, namweka kwenye beseni lenye maji ya kumfunika mgongo, anakula, namwacha nusu saa, na mara nyingi haja kubwa anaimalizia humo humo. Beseni namwaga, karo linabaki safi. Maji yote machafu nayapeleka kwenye migomba, nayo imenishukuru kwa mikungu. Usiyamwagie mboga zinazoliwa mbichi.

Jua na joto

Wafugaji wa nchi za baridi wananunua taa na mitambo ya kupasha maji. Huku kwetu shida ni joto. Maji yakae kati ya nyuzi 24 na 28. Yakipita 32 kobe yuko hatarini. Chombo kidogo kilichoachwa juani Tanga mwezi wa Februari hufika huko kabla ya adhuhuri, na cha kioo ndicho kibaya zaidi. Nusu ya karo langu nimeizeka makuti, nusu iko wazi kwa jua la asubuhi. Kobe anachagua mwenyewe. Nunua kipimajoto, kile cha banda la vifaranga kinatosha, ukizamishe upande wa kivuli.

Jua lenyewe ni la lazima. Miale ya urujuanimno inamtengenezea vitamini D, na bila hiyo chokaa ya chakula, yaani kalsiamu, haiingii kwenye gamba. Miale hiyo haipiti kwenye kioo, kwa hiyo kobe anayewekwa dirishani anapata joto tu na gamba lake litalainika.

Kipupwe kikiingia, Juni na Julai, maji hupoa na Kigae hupunguza kula. Simlazimishi. Porini jamii yake hujifukia kwenye tope bwawa linapokauka na kungoja mvua. Mwenye maji mwaka mzima hahitaji kujifukia, ila ule utulivu unabaki kwenye damu.

Chakula

Mchanga ale kila siku, mkubwa ale mara tatu kwa wiki. Kiasi cha mlo kisizidi ukubwa wa kichwa chake, hata akikufuata ukutani kila anaposikia hatua zako. Kobe aliyenenepa nyama hubenjuka nje ya gamba kwenye mapaja, na mafuta hayo yanamuumiza ini.

Chakula kikuu ni wadudu na vijinyama vya majini: minyoo ya ardhini, panzi, konokono pamoja na gamba lao, perege wadogo wazima na miiba yao. Mtazame anapokula mnyoo. Shingo hutoka taratibu, ndefu kuliko ulivyodhani, pua inakaribia kuugusa, anatulia. Halafu koo linajaa ghafla na mnyoo umeshaingia pamoja na maji. Nusu ikibaki nje, anainua mkono mmoja wa mbele na kuikata kwa kucha, kisha mwingine. Kwa hiyo acha kucha zake; hazihitaji kukatwa kama ana mawe na mchanga wa kutembelea.

Dagaa wakavu nanunua soko la Mgandini, nao wanataka akili. Dagaa wa pwani huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hivyo waloweke na kuyamwaga maji mara mbili tatu. Wa ziwani wana mchanga, wapepete na kuwaosha. Dagaa wabichi wa baharini wasiwe chakula cha kila siku, kwa sababu wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Kipande kidogo cha ini la kuku, kila baada ya wiki mbili, kinampa vitamini A. Majani ya matembele huyagusa akipenda. Mchicha mpe kwa nadra, unazuia chokaa.

Kwa chokaa, mimi hutembea ufukweni Raskazone kuokota mfupa wa dome, mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi, ule mweupe mwepesi unaoletwa na maji. Nauloweka siku kadhaa kwenye maji baridi, nikiyabadilisha, chumvi itoke, nauanika, kisha nautia kwenye karo. Hukaa unaelea siku nyingi bila kuguswa, halafu asubuhi moja unakuta alama za mdomo pembezoni. Usipoupata, ganda la yai lililosagwa linafaa.

Mkate, ugali, maandazi, maziwa na ng'onda, hapana. Na nyama ya ng'ombe tupu, hata kama anaikimbilia, inamjenga mwili bila kumjenga gamba.

Akiumwa

Macho yaliyovimba na kufunga mara nyingi ni maji machafu au upungufu wa vitamini A. Madoa meupe kwenye gamba, yaliyo laini na yenye harufu, ni gamba linaoza: mtoe akae mahali pakavu saa nyingi za mchana na kumrudisha majini kula na kunywa, na umwone daktari. Anayepumua mdomo wazi, mwenye mapovu puani, au anayeelea amelalia upande mmoja ana ugonjwa wa mapafu, na hapo hakuna cha kusubiri kesho. Vipande vyembamba vinavyobanduka juu ya gamba ni vya kawaida, viache vianguke vyenyewe. Na usimpake mafuta ya nazi ili ang'ae. Najua tunayapaka kila kitu, lakini yanaziba gamba na kukamata uchafu.

Tanga ni mji wa maziwa na madaktari wa mifugo tunao, ila siku zao nyingi ni za ng'ombe. Mtafute mmoja kabla hujamhitaji, umuulize kama amewahi kutibu kobe. Na jambo hili lishike vizuri: ivermektini, dawa ya minyoo ambayo ng'ombe na mbuzi hupewa kila leo, ni sumu kwa kobe. Inaweza kumpoozesha na kumuua. Litaje jina hilo mwenyewe, kwa heshima, kabla sindano haijajazwa: "Daktari, nisamehe, nimesikia ivermektini haifai kwa kobe." Daktari mzuri hatakasirika.

Jike hutaga hata kama hajawahi kuonana na dume. Ukimwona hatulii, anaparua pembe za karo kwa miguu ya nyuma, anatafuta pa kuchimba. Weka sanduku la mchanga wa mtoni wenye unyevu, kina chake kizidi urefu wa gamba. Akikosa pa kutagia huyazuia mayai tumboni, na hilo linaua.

Nyumba yenye watoto

Kobe hubeba bakteria wa salmonela bila yeye mwenyewe kuumwa. Marekani ilipiga marufuku tangu 1975 kuuza kobe wenye gamba chini ya inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua. Kila anayemgusa kobe au maji yake anawe kwa sabuni. Vyombo vyake visiingie jikoni. Watoto wa chini ya miaka mitano watazame tu, mikono nyuma. Wajukuu wangu nimewapa kazi ya kusoma kipimajoto na kuniambia, na wanaigombania.

Na mkifika mahali hamwezi tena, msimpeleke mto Mkulumuzi usiku na kumwachia. Kobe aliyekaa na watu anaweza kuwapelekea wenzake ugonjwa wasioujua. Rudi kwa yule yule aliyekuandikia kibali, umweleze.

Ukisafiri, mtafutie mtu wa kumtazama, na umwachie kazi ndogo. Mimi nikipanda Lushoto kwa harusi au msiba, namfungia jirani milo kwenye karatasi, kila mlo na siku yake, pipa la maji naliacha limejaa, na namba ya daktari naibandika juu ya wavu. Namsisitizia moja: kobe mkubwa mwenye afya hadhuriki kwa kukosa mlo mmoja, kwa hiyo akisahau Jumatatu, asimpe milo miwili Jumatano.